Utafiti Wangu wa Wateja

Jumanne

Na mimi nilitaka tu kuhesabu wateja! Mwalimu wetu wa biashara alituambia tusimame karibu na kibanda, tutazame kimya na kuandika. Nisipopata alama nzuri, chuo kitanifutia ufadhili. Basi nikasimama sokoni Kawangware 56 na daftari langu, blauzi imepigwa pasi.

Muuza nyanya mmoja akapiga kelele, "Kanjo!" Akina mama wote wakabeba bidhaa zao wakatoroka, wakidhani mimi ni askari wa jiji.

Nikamkimbilia yule muuza nyanya na nyanya alizoangusha. "Mama, mimi ni mwanafunzi!"

Akanitazama kutoka viatu mpaka kola. "Sasa unasoma biashara aje na hununui?"

Nikanunua mafungu mawili.

Kesho nakabidhi ripoti. Naogopa, lakini sitadanganya. Idadi ya wateja: mmoja, naye ni mimi.