Walipokuja Kubeba Vitu Tukiwa Mazoezini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada. Mtaani anaitwa Mama Jukwaa.
Umri: miaka 56.
Kazi: mratibu wa kituo cha fasihi na sanaa cha mtaa, bila mshahara.
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya kituo hicho.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeambiwa niseme kwamba natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Ni kweli, ingawa ningeachiwa hiari yenyewe, saa hizi ningekuwa nimelala.

Kituo chetu kiko katika nyumba ya mbele aliyoijenga marehemu baba. Kina maktaba ndogo, chumba cha watoto cha kuchorea, na ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la mbao. Humo tunasoma mashairi na kufanya maigizo. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakaamua kituo kibaki humo, kisiondolewe mpaka mimi mwenyewe nikubali kuhama. Kaka yangu mkubwa alikuwepo na aliitikia. Hayakuandikwa popote. Tulikuwa msibani, nani angeshika kalamu.

Tangu hapo nakiendesha. Mratibu ni jina tu. Mimi ndiye ninayefagia, ninayezibua choo, ninayeandika maombi ya ufadhili yanayorudi na pole, na ninayewapatanisha washairi walionuniana kwa sababu mmoja alisoma kwa muda mrefu kuliko mwenzake. Afande ameniambia nisiende mbali na tukio. Nasema haya ili ieleweke kwamba siku ile nilikuwa nimechoka hadi kope.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 ya mwezi huu, saa tisa alasiri, tulikuwa ukumbini tukifanya mazoezi ya igizo jipya. Igizo linahusu familia inayotolewa vitu nje na watu wa dalali. Fundi seremala anacheza baba, muuza viatu anacheza mama. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anacheza bibi asiyekubali kuinuka kwenye kiti chake. Ametulea sote wawili, mimi na kaka yangu, na sehemu hiyo aliiomba mwenyewe kwa sababu magoti yanamsumbua.

Tuna utaratibu wetu. Tukio la igizo likikataa kukolea, naalika watu wa nje wasioujua mchezo waje wacheze wabaya. Waigizaji hawaambiwi ni nani watakuja wala watafika saa ngapi. Hapo hofu inakuwa hofu kweli. Na hakuna ruhusa ya kusimamisha mchezo mpaka nipige makofi mawili. Asubuhi hiyo nilimwomba kinyozi wa jirani anitafutie wanaume wanne wenye miili miongoni mwa wateja wake. Alisema, "Saa tisa utatuona, Mama Jukwaa. Nitawaleta mwenyewe."

Saa tisa na dakika kidogo waliingia wanaume wanne. Nje lilisimama lori. Nikajisemea kinyozi leo amejituma, kaleta mpaka gari. Mkubwa wao, mwenye fulana ya kijani, hakusalimia. Alisema, "Haya, vitu vyote nje. Hakuna mjadala." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayewaza chakula cha jioni. Nilikuwa nimewaimbia waigizaji wiki nzima kwamba watu wa dalali hawapayuki, wako kazini tu. Huyu alipatia tangu mlangoni, na nilifurahi.

Walianza na rafu za vitabu. Zikafuata ngoma, cherehani ya mavazi na meza za watoto. Seremala alipiga magoti akawasihi. Muuza viatu aling'ang'ania mguu wa meza mpaka akaburutwa nao. Mimi nilisimama kando ya mlango. Ni kweli, kama majirani walivyokwisha kueleza, kwamba niliwaelekeza wale watu. Nilimwambia mmoja, "Kabati hilo libebe taratibu, na usimtazame mama usoni." Alitii. Nilimwambia mwingine arudi achukue na pazia. Pazia hakuna aliyeninyang'anya, nililitoa kwa mdomo wangu.

Kisha walimwinua Shangazi pamoja na kiti chake. Alinyoosha mkono kwangu akasema, "Mwanangu, huyu wa kijani ni kijana wa ghalani kwa kaka yako. Wametumwa. Wasimamishe." Maneno hayo hayamo katika igizo. Nilidhani amesahau ya kwenye mchezo na kutia ya kwake, kama ilivyo desturi yake. Nikamjibu, "Endelea hivyo hivyo, Shangazi, usitoke kwenye uhusika." Alinitazama, halafu akalia. Majirani waliokuwa wakitazama dirishani wakampigia makofi. Hapo ndipo paniumapo kuliko pengine pote, na naomba tuendelee mbele.

Nilichungulia nje nikaliona gari la kaka yangu ng'ambo ya barabara. Alikuwa ndani yake peke yake. Nilimpungia mkono. Aliinua kioo.

Vitu vilipokwisha na sote tukiwa tumetolewa kibarazani, nilipiga makofi mawili. Waigizaji wakashusha pumzi, wakaanza kucheka. Wale wanne hawakugeuka. Mwenye fulana ya kijani alifunga mlango kwa mnyororo na kufuli. Lori likaondoka, gari la kaka yangu likalifuata. Seremala aliniuliza, "Mama, leo tumepatia?" Kabla sijamjibu, kinyozi alitokea kwenye kona na wanaume wanne nyuma yake, mmoja kichwa kimenyolewa nusu. Alisema, "Tusamehe bure, Mama Jukwaa, wateja walijaa. Hamjaanza?"

Nilikaa chini. Shangazi alikataa kuinuka kitini hadi magharibi. Jumapili asubuhi presha ilimpanda, na mpaka ninapotoa maelezo haya amelazwa.

Jumatatu kaka yangu alinipigia simu. Alisema, "Mdogo wangu, umekubali kuhama mbele ya kadamnasi. Kazi umeisimamia mwenyewe." Anawaeleza wazee kwamba nilimpungia mkono kumpa ruhusa. Anasema ameshapata mtu wa kufungua humo duka la vigae. Baba yetu mdogo naye amenijia mara mbili, ananisihi nisifike hapa polisi, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Nilimuuliza nyumbani ni wapi, maana nilipokuwa napaita nyumbani pana kufuli. Alikunywa maji, akaaga.

Sikukubali kuhama. Sikukubali siku ile wala siku nyingine. Nilikuwa naongoza igizo. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema, kwa sababu wazee wakiamini kwamba nilikubali, kituo kimekwisha. Watoto wale watachora wapi, na mimi katika umri huu nitaanza tena na nguvu za nani.

Swali la mpelelezi: Unasema ulijua kwamba aliye garini ni kaka yako. Kwa nini ulimpungia mkono?

Jibu: Nimemwalika kila onyesho tangu kituo kifunguliwe. Hajawahi kutia mguu. Kuna kiti kimoja cha mbele, karibu na dirisha, ambacho hatumkalishi mtu. Wenzangu wote wanajua namwekea nani, na hunitania kwamba nafuga jini. Nilipomwona pale nilidhani amekuja kututazama. Nilirudi ndani mbio nikawaambia wale watu kile kiti wakiache, mwenyewe amefika. Wakakiacha. Ndicho kitu pekee kilichobaki nyuma ya ile kufuli. Nilifurahi kumwona, afande. Andika na hilo.

Sina la kuongeza. Nimesomewa haya yote tangu mwanzo, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, sajini wa zamu, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Ameyakubali na kuomba sahihisho moja. Kila mahali nilipokuwa nimeandika "mtuhumiwa", ameomba isomeke "kaka yangu". Nimesahihisha.