Mama Alipoigiza Bibi Fisi

Igoma, Mwanza
14 Juni

Mpendwa dada Teodora,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na mapacha mnaendelea vizuri huko Dodoma, na kile kifua chako kimepona. Sisi hapa tunapumua tu. Barua hii anakuletea mama mwenyewe. Hajui kusoma, kwa hiyo nimeandika yote.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini wanakijiji wamembomolea mama nyumba na kumfukuza, nikakujibu kuwa ni ushamba wao. Nilikudanganya.

Unajua nilikoanzia, kurekodi harusi za Butimba. Kisha nikatengeneza filamu ya mapenzi, watu wakasinzia kabla haijafika katikati. Watu wanataka damu, dada! Nikatoa Mke wa Mamba, nikatoa Jeneza la Mkolani, kwa damu ya mbuzi ya kuomba buchani na mbwa wa jirani niliyempaka masizi madoa madoa awe fisi. Wasomi walinicheka, lakini vibanda vya video kutoka hapa hadi Musoma vilijaa hadi watu wakachungulia madirishani. Hata wewe ulijisifia mdogo wako prodyuza, usikatae.

Tulipofika kwenye Bibi Fisi, Bernadeta, mwigizaji wangu mkubwa, alikataa kuigiza yule mchawi anayekula watoto. Alisema ana familia, hataki kuzomewa sokoni. Nikamwita mwoga. Ndipo nikamkumbuka mama, na yale macho yake yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe anayopikia miaka yote. Unajua watu wa huku wakiona macho mekundu husema ni mchawi; hata rangi hayakuhitaji.

Nikamwambia ni filamu ya bibi anayewaita wajukuu wake kula. Jamani, alivyofurahi! Alivaa kitenge ulichomtumia, akakoroga chungu, akawaita watoto kwa sauti ile ile aliyotuitia sisi. Alipoondoka nikarekodi chungu kingine, chenye damu na mikono ya mwanasesere, nikaunganisha. Sikumwonyesha hata siku moja.

Filamu ilipofika kijijini, watu wakaanza kuhama benchi lake kanisani. Kisha mtoto wa Ndalahwa, jirani yake, akaugua, akafa. Kesho yake wakaja na mapanga. Mama alitorokea kwenye mihogo, akafika kwangu pekupeku. Wanangu walipomwona walipiga mayowe, wakajifungia chumbani.

Hapo ndipo ningemwambia ukweli wa filamu. Sikumwambia. Wiki iliyopita akaniomba nimpeleke kwa mchungaji Obedi, maana watu wote hao hawawezi kukosea. Alisema labda anatoka akiwa usingizini, anadhuru watoto bila kujijua. Alipiga magoti akatubu kifo cha yule mtoto, huku analia hadi sauti ikakauka. Mimi nilisimama pembeni na kamera, dada. Nilikuwa narekodi. Sijawahi kupata mwigizaji anayelia vile, na picha hiyo nimeshaiweka kwenye filamu mpya.

Nitukane utakavyo. Ila usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Hapana, naogopa. Mwambie wewe.

Wasalimie sana shemeji na mapacha. Mama naye yuko hapa mlangoni na mfuko wake, ananihimiza niandike na salamu zake: anakupenda, na anaomba umpe chumba cha nje, umfungie kwa kufuli kila mkienda kulala, asije akawadhuru wajukuu wake.

Ni mimi mdogo wako,
Mayala