Ushanga wa Akiru

Lodwar

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Na mvua, imefika huko Wundanyi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka, kwa hiyo univumilie nikiandika kwa ukali.

Barua yako nimeipata. Unasema nimwombe radhi mwalimu mkuu kwa kuwa ni mtu wa kwetu, na ameshanishtaki kwa mchungaji wa huko. Simwombi, Mama. Sikiliza kwanza alichokifanya.

Shule hii ya kanisa ninayofundisha huchukua mayatima na watoto wa maskini. Akiru alifiwa na baba, kisha ukame ukamaliza mbuzi. Mama yake akamleta kutoka Lokiriama ili angalau anywe uji na ajue kusoma. Alikuja na shanga shingoni kama wasichana wote wa Kiturkana. Mwalimu mkuu akazikata kwa mkasi mbele ya darasa, eti ni ushenzi. Miaka kumi na kitu tangu Uhuru, mtu mweusi anamwita mwenzake mshenzi, na koti alilovaa ni la kugawiwa na misheni!

Huku mwanamke huvua shanga anapofiwa. Nilimweleza hilo, akanipuuza. Mwezi uliopita mama mtu akaja kwa miguu na kibuyu cha maziwa aliyoomba kwa jirani. Nikamwamkia, "Ejok," akaitikia akitabasamu. Kisha akaiona ile shingo.

"Nani nakufa?" akauliza.

Mwalimu mkuu akacheka. "Hakuna mtu amekufa. Hiyo ni sheria ya shule."

"Mama yake ni mimi. Mimi iko hapa. Mimi nakufa lini?"

Akamshika mtoto mkono wakaondoka, na maziwa yake. Kwao hakuna chakula, na huyu bwana anasema Akiru asirudi ila shingo ikiwa tupu. Ndipo nikamwita mpumbavu mbele ya wanafunzi, na nikiulizwa nitarudia.

Shanga nimeziokota mchangani nikazitunga upya. Jumamosi napanda lori la misheni kwenda Lokiriama kumwomba mama yake, na akikubali, Akiru atarudi nazo shingoni. Anayetaka kumfukuza atufukuze wote wawili.

Nisalimie Baba Mdogo na shemeji anayekulimia shamba. Mchungaji pia msalimie, umsomee barua hii yote.

Ule ushanga ulionivisha nikiondoka nyumbani, niliokuwa nikiuficha sandukuni, sasa nauvaa darasani. Jana ameniamuru niuvue. Nimemjibu kwamba mama yangu bado yu hai.

Mwanao,
Wakesho