Unione Kwanza, Kabla ya Misa

Mpendwa Consolata, fianse wangu, mchumba wangu,

Ukisoma haya utakuwa umeshafika Rugenge kwa mama mkubwa wako, umefungiwa ndani kama desturi inavyotaka. Pole na safari. Mwambie baba yako sijasahau mpunga wake.

Unakumbuka ile siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yako, kule Bwegera? Redio iliimba vizuri kwa sababu niliitengeneza mimi, na toka Uvira mpaka Kigoma hakuna redio iliyowahi kunishinda. Nikacheza mpaka nikaingia kwenye mkeka wa mpunga uliokuwa umeanikwa, punje zikaruka kila upande. Baba yako akauliza kwa Kirundi kama sisi watu wa mjini hatufundishwi mahali pa kukanyaga. Weye ukaziba mdomo kwa kitenge, ukamwambia mama yako, "Huyu mutu iko na miguu tatu." Kisha ukapiga magoti tukaokota ule mpunga pamoja, nami nikajua siendi tena kutafuta mke kwingine.

Halafu vita vikafunga barabara. Ulisikia kwamba nilijaribu kupita hivyohivyo ili nije kukuona, bomu la kutegwa likatulipukia njiani. Nikakutumia neno kwa yule mama muuza chumvi: niko na kidonda kidogo mu muguu. Uongo mtupu haukuwa, Consolata. Muguu ulikuwa na kidonda. Ila siku niliyomtuma, muguu wenyewe ulishakatwa, toka chini ya goti.

Ukanijibu kwa dawa. Majani uliyachuma na kuyasaga mwenyewe, ukayafunga ndani ya jani la mgomba, na agizo kwamba nipake asubuhi na jioni. Nilikaa na kale kafurushi mikononi nikijiuliza nipake wapi. Mimi niliyeongea mpaka maaskari wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, wakanigawia sigara, nilikafungua na kukafunga tena. Mwisho nikampa jirani aliyekuwa na jipu. Alipona, anakuombea baraka hadi leo. Na bado sikukutumia ukweli. Kila msafiri niliyemwamini nilimwambia aseme kinaendelea kupona, na waliojua niliwasihi wanyamaze.

Sasa barabara imefunguka, na wakubwa wanasema nisikuone mpaka Jumamosi kanisani. Nilishangilia hiyo desturi kuliko wao. Mimi mutu wa Bujumbura na Kigoma, niliyecheka mila zote, nikageuka mlinzi wa mila! Siku zote bibi harusi ndiye anafunikwa shuka. Hii mara aliyejifunika ni bwana harusi.

Shangazi yangu alinikuta hapa Kimanga nikikunja suruali ya kostimi, ile suti ya harusi, ule upande usio na mtu ndani. Nikamuuliza kama si vizuri unione kwanza. Akanishika bega.

"Mutoto wangu, mwache akuone mbele ya Padri. Mwanamuke gani atakataa mbele ya Padri na watu wote wale?"

Alisema kwa huruma, na nilimsifu sana kwa akili yake. Alipoondoka, nikaitupa suruali chini. Alikuwa ametoa mdomoni kile nilichokificha tumboni: nilitaka ukose nafasi ya kusema hapana. Vita vilikunyang'anya nyumba, vikakunyang'anya kaka yako, na miye ninayejiita mupenzi wako nilikuwa nataka kukunyang'anya neno moja.

Basi Ijumaa mchana nitakuja hapo Rugenge na magongo yangu. Mama mkubwa wako atapiga kelele kwamba naleta mkosi. Nitamjibu kuwa mkosi ulishanitangulia njiani. Barua hii dada yangu atakuwa amekupa asubuhi, ili macho yako yasishtuke mlangoni. Uniangalie bila haraka. Uliza lolote. Naogopa, Conso. Hata pale bariyeri sikuogopa hivi.

Ukinitaka, twende kanisani. Usiponitaka, usitafute maneno ya kunibembeleza. Funga mlango tu. Nitarudi Kimanga nitangaze kwamba mimi ndiye nimevunja uchumba, kwamba nimepata mwanamuke mwenye duka Bujumbura. Watanitukana, na hakuna atakayeshangaa, wananijua kwa maneno yangu. Weye utarudi Bwegera bila aibu, na baba yako hatainamisha kichwa mbele ya mtu.

Ila usiolewe nami kwa huruma. Huruma nimepewa na mji mzima, imenitosha. Na usinisamehe haraka ule uongo wa kidonda, hata ukinikubali. Unigombeze kwanza.

Kama ni kwaheri, nipe hapo mlangoni, tukiwa wawili, sio mbele ya watu waliokuja kula.

Mchumba wako, mpaka Ijumaa; baada ya hapo utasema weye.