Kwa Kiguru, Niliyemgeuza Panya

Binamu yangu Shabani, mwenye kichwa kama fenesi,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo wakikufukia. Wewe ni mtoto wa shangazi, mimi mtoto wa mjomba, na kwetu watu kama sisi ni watani: tumetukanana tangu tunaota meno na hakuna aliyewahi kutuamulia. Sikoseli ilipokula nyonga yako ukaanza kuchechemea, ndugu wote walishusha sauti kila ulipopita. Mimi nilikuita Kiguru. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, ukasema, "Angalau wewe unaona mguu. Wenzio wanaona jeneza."

Jina hilo ndilo ulilompa mchawi wako wa kwenye kompyuta.

Ile kompyuta ya mtumba shangazi aliiweka sebuleni pale Mapinga, karibu na dirisha, nawe ukawa unaikalia tangu asubuhi, mto chini ya nyonga. Gemu lenyewe lilikuwa handaki lenye ghorofa zinazokwenda chini badala ya juu, kila ghorofa ina mazimwi mabaya kuliko ya juu yake. Kiguru alikuwa na uchawi wa kujigeuza. Nikakuuliza kwa nini asigeuke simba siku ya kwanza tukapumzika, ukanipa kanuni mbili. Ya kwanza, hawezi kuvaa umbo la kiumbe asichokiua mwenyewe. Ya pili, akifa amekufa, hakuna kurudia, na kazi yote inafutika.

"Gemu la kishenzi," nikasema.

"Ndiyo maana nalipenda," ukanijibu. "Halidanganyi mtu."

Ulishuka kwa miaka miwili. Mwili wako ulikuwa umekataa kwenda hata dukani, lakini Kiguru aliruka kwa mabawa ya popo na kuogelea kama kenge. Mimi nilikaa pembeni namenya mihogo na kukutukana. Sijawahi kuwa na raha kama ile, wala sikukwambia.

Ulipozidiwa ukakimbizwa Dar, Kiguru alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghorofa ya mwisho. Shangazi alikwenda nawe, mimi nikaachiwa nyumba na kuku. Ulikuwa umeshalazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari uliponiita. "Usimguse. Nikirudi tutaingia wote."

Siku ya tatu nikamgusa. Nilitaka kukuchekesha tu. Nikamgeuza panya, kwa sababu panya ndiye kiumbe wa kwanza uliyemuua kule ndani, nikaipiga picha skrini, nikakutumia: "Mchawi wako huyu, anatafuta makombo." Ukanijibu kwa ujumbe wa sauti, umekaukwa na koo: "Mrudishe umbo lake, mshenzi we." Nyuma yako nilimsikia shangazi akicheka kwa kuwa wewe ulikuwa unacheka.

Nikabonyeza nimrudishe. Nilibonyeza siko. Panya akapita mlangoni, na kilichokuwa nyuma ya mlango kikamkanyaga mara moja. Skrini ikaandika kwamba Kiguru amekufa akiwa panya.

Nikakuandikia: "Nimeshamrudisha."

Uliporudi nyumbani hukuweza hata kukaa, lakini uliomba kiti chako na mto wako. Mimi nilikuwa nimeshaibeba kompyuta na kuificha kwetu Bagamoyo, chini ya kitanda changu. Nikasema umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza, iko kwa fundi. Kila asubuhi, kabla ya chai, swali lako lilikuwa moja: "Fundi kasemaje?" Nami nikajibu kwamba anasubiri kifaa kutoka Kariakoo. Ukanionea huruma, eti nahangaika na njia kwa ajili yako. Wiki tatu ulinionea huruma. Siku ya mwisho uliuliza kwa midomo tu, sauti haikutoka, nikakwambia kifaa kimepatikana, kiko njiani. Ukatabasamu. Ningeweza kukueleza ukweli siku yoyote kati ya hizo. Niliogopa kwamba hutacheka.

Siku ya kuanua matanga watani tukaitwa kazini. Desturi unaijua, mtani humvaa marehemu na kumwigiza ili wafiwa wapate pumzi. Shangazi mwenyewe alinipa shati lako la mistari. Nikakatiza uani nikichechemea, mkono kwenye nyonga, nikasimama mbele ya wanawake waliokuwa wakipakua pilau, nikauliza kwa sauti yako, "Fundi kasemaje?" Uani kote watu walivunjika mbavu, maana hakuna aliyeingia nyumba ile asilijue swali hilo. Shangazi, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu tukuzike, alicheka hadi akashika nguzo.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mtupu."

Nilikupatia vizuri kuliko mtani yeyote niliyewahi kumwona, na nilijua ni kwa nini. Kanuni ya kwanza ya kuvaa umbo ulinifundisha wewe.

Sasa shangazi haniachi. Kila Ijumaa baada ya swala nakwenda Mapinga, nakuta shati limefuliwa, limepigwa pasi, limewekwa kitini. Navaa, nachechemea, anacheka, anakula. Ijumaa iliyopita hakucheka. Alinishika mkono nikiwa ndani ya shati lako akauliza, "Mwanangu, umeondoka na kinyongo na mtu?"

Ningeweza kulivua. Nikasema kwa sauti yako, "Sina kinyongo, mama. Nimewasamehe wote."

Akashukuru Mungu, akala sahani nzima ya wali. Kwa hiyo nimeshasamehewa, Shabani, na aliyenisamehe ni mimi.

Shangazi hasomi mambo haya ya kwenye simu, ila majirani zake wanasoma, na midomo yao unaijua. Ndiyo sababu nimekuandikia hadharani: nataka awe ameshasomewa kabla ya Ijumaa, maana kumwambia uso kwa uso nimeshindwa kama nilivyoshindwa kwako. Nitakwenda saa ileile. Nikikuta kiti kitupu, nitamwomba radhi kwa sauti yangu mwenyewe. Ninachoogopa ni kulikuta shati limepigwa pasi.

Lala, Kiguru. Fundi hajasema kitu, hakuwahi kuwepo.

Mtani wako,
binti wa mjomba wako