Matembezi ya Betri

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumba yenye joto la tanuri. Vipi afya, vipi kazi ya melini, na lile jino limeacha kukunyima usingizi? Sisi tu wazima. Mama hata magoti hayalalamikii tena. Sababu nitakueleza, ila kwanza kaa chini.

Kazi yangu ya kupamba keki unaijua. Mwaka huu joto limevuka mipaka. Maua ya sukari yanalegea kabla sijayamaliza, na bibi harusi mmoja alipelekewa keki iliyoinama kama mtu anayetafuta sindano. Basi nikanunua kiyoyozi kidogo cha kubeba, kinachotumia betri. Kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, fundi alinishauri niichaji kwa waya wa gari, lakini gari liwe linatembea. Likizimwa, betri yake lenyewe itafyonzwa mpaka ligome kuwaka.

Na gari lililopo ni lako. Najua uliniachia niliwashe tu kila Jumamosi, kisha nilifunike tena. Nisamehe. Kila asubuhi nimekuwa nikizunguka nalo mtaani, Mama kando yangu, betri kaipakata kama mjukuu. Tulizunguka mpaka jirani mmoja akatusimamisha, akauliza kwa huruma kama tumeshampata tunayemtafuta.

Mchana, nikimaliza kuoka, hujilaza kidogo. Nikiamka nilikuwa nakuta betri imejaa pomoni, nami nikakisifu kiyoyozi hicho kwa kila mteja.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na keki ya ghorofa tatu. Saa moja kabla ya harusi nikaungua kiganja kwa sukari ya moto. Usukani sishiki, dereva wa kukodi hapokei simu, krimu imeanza kutoa jasho. Nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Mama akaniambia nipande nyuma na keki, niielekezee kiyoyozi, yeye atatupeleka.

Nikamuuliza, "Utatupeleka na nini, Mama?"

Akafungua pochi, akatoa leseni.

Kumbe miezi miwili mizima, mimi nikikoroma, yeye alikuwa barabarani na yule jirani aliyetusimamisha, ambaye ni mwalimu wa udereva, kwa gari lako hilo hilo, betri ikijichajia na magoti yakipumzika. Mtihani kafaulu mara ya kwanza. Mimi nilirudia mara tatu, wewe mara nne, tusidanganyane.

Tulifika. Keki ilisimama wima, ikapigwa picha nyingi kuliko bwana harusi. Ila wakati wa kutoka, kioo cha pembeni kilibaki kwenye nguzo ya geti. Mama amenisihi nikuandikie kwamba nilikivunja mimi. Nimemkubalia, kwa hiyo nilikivunja mimi.

Anakusalimu sana, na anasema siku ukirudi atakufuata bandarini mwenyewe. Ukisikia honi isiyokoma, ndiye. Kaa nyuma, funga mkanda, na kuhusu gia usimwambie kitu.

Nikutakie kazi njema na bahari tulivu.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Keki