Nilimdanganya Daktari wa Goti la Zuhura

Mama,

Huku Misugusugu tu wazima wa mwili, ila roho yangu haijatulia. Mjukuu wako Zuhura anapasuliwa goti Alhamisi, na kosa langu lina mkono wako ndani yake.

Ulipoondoka, hatukukaa hata miezi miwili, goti likamtoka akiwa anafua. Pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikahamia ubavuni mwa goti. Nikajaribu kufanya kama wewe kule Kisarawe, ulivyokuwa ukimshika kisigino na kumuuliza amekula nini, na huku anajibu unaunyoosha mguu taratibu mpaka pia ya goti inarudi. Nikamuuliza amekula nini. Akaniambia, "Usiniguse, wewe si Bibi." Mama, niliumia.

Hospitali wakalirudisha. Daktari akauliza, tangu tatizo lianze, limetoka mara ngapi? Nikasema hii ni ya pili. Niliogopa angeuliza nani alikuwa akilirudisha, halafu akutukane ukiwa kaburini, aseme vibibi vya kienyeji ndivyo vinavyoharibu watoto. Kwa kuwa ni mara mbili tu, akatupa mazoezi na mkanda wa goti. Nikatoka nimefurahi, mjinga mimi.

Wiki iliyopita likatoka tena shuleni, kwenye ngazi, akaanguka nalo. Picha zikaonyesha kipande cha gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, kimemeguka ndani. Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia daktari limetoka mara kumi na moja, na tisa alirudisha mama yangu, na mama yangu amefariki. Nikasubiri matusi. Akaandika tu, kisha akasema, "Mama Zuhura, ningejua hili mapema, tungezungumza upasuaji siku ile ile." Hakuuliza ulijifunza wapi wala ulitumia mafuta gani. Nilikuwa nimekutetea mahali ambapo hakuna aliyekushitaki.

Watatoa kile kipande, kisha watachukua mshipa mwembamba nyuma ya paja lake na kuufunga pembeni ya goti, uishike pia ya goti isitoroke. Mfupa hawataukata, maana mtoto bado anarefuka. Nimeuliza hilo mara nne, mpaka nesi akaanza kunitazama. Naogopa dawa ya usingizi. Naogopa asije akachechemea, akanilaumu ukubwani. Ulinisihi mtoto wa kike asitiwe kisu, nami nimetia sahihi. Nisamehe, au nikasirikie, lakini niombee.

Zuhura yeye anauliza kama atarudi kuruka kamba. Nimemwambia daktari ndiye anayejua, siyo mimi.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema. Nakuahidi, yeyote atakayeniuliza habari za goti hili nitamwambia yote, na jina lako nitalitaja. Wewe hakuna wa kukuumiza tena. Zuhura yupo bado, na anaumia.

Mwanao,
Mwanaidi